Mkate wa Speenhamland: Habari ya Hofu ya Kumpa Maskini Fedha

Methali za Waswahili zimenena mengi juu ya maskini, wala hazineni kwa sauti moja. Ipo isemayo, "Maskini akipata, matako hulia mbwata," maana yake mtu aliyezoea dhiki akipata kitu hujivuna na kukitapanya. Ipo na nyingine isemayo, "Mkono mtupu haulambwi," maana yake asiye na kitu hana wa kumjali. Ya kwanza yamshuku maskini mwenye fedha. Ya pili yaona kwamba unyonge wake watokana na kukosa fedha hiyo hiyo. Baina ya methali hizi mbili limesimama swali ambalo watawala wamelijadili kwa karne nyingi: mtu aliyeshikwa na umaskini asaidiwe kwa njia gani? Apewe fedha taslimu aitumie kwa akili yake, au apewe chakula kilichopimwa, kazi ya sulubu, na mahali pa kuangaliwa asije akaharibika?

Makala haya yafuata habari ya swali hilo katika Uingereza, na hasa habari ya mahali padogo paitwapo Speenhamland. Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, huko serikali ilitoza kodi kwa ajili ya maskini tangu zamani, na daftari zake zimehifadhiwa, hata mtu aweza kuona nani alipewa nini na kwa sababu gani. Pili, hukumu iliyotolewa huko mwaka 1834 haikukaa huko. Ilivuka bahari, ikaua watu katika nchi nyingine, na mwangwi wake husikika hata leo katika mabaraza yetu kila zinapotajwa kaya zinazopokea ruzuku. Nataka kuonyesha kwamba hukumu hiyo ilitokana na ushahidi uliosomwa kinyumenyume, na kwamba kosa la Speenhamland, kwa kuwa kosa lilikuwapo, halikuwa lile lililotangazwa.

SHERIA YA KALE

Mwaka 1601, katika siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilikusanya amri zilizotangulia na kuzifanya sheria moja juu ya maskini. Nchi ilikuwa imegawanyika katika mitaa ya kanisa, iitwayo parishi, ambayo kwa Uingereza na Wales pamoja ilipata kiasi cha 15,000. Kila parishi iliamriwa kuwa na wasimamizi wa maskini, nao wakapewa nguvu za kutoza kodi wenye nyumba na mashamba. Kodi hiyo ilikuwa na kazi tatu: kuwatunza wazee, vipofu, viwete na wagonjwa, kuwapeleka watoto wa maskini kujifunza kazi kwa mafundi, na kuwapatia kazi watu wenye nguvu wasiokuwa nayo.

Sheria hii ilikuwa na wema wake na ukali wake. Wema ni kwamba mzee asiye na mtoto hakutegemea tena huruma ya mpita njia. Alikuwa na mahali pa kwenda. Ukali ni kwamba mahali penyewe palikuwa pamoja tu. Sheria ya mwaka 1662 iliruhusu parishi kumrudisha mgeni kwenye parishi yake ya asili ikiwa yaelekea atakuwa mzigo, basi kibarua aliyetoka kwao kutafuta kazi alikuwa katika hatari ya kufukuzwa kabla hajaomba hata kipande cha mkate. Mwaka 1697 ikaamriwa kwamba apokeaye msaada avae begani mwa kulia kipande cha kitambaa chekundu au cha buluu chenye herufi ya maskini na herufi ya jina la parishi, ili kila amwonaye ajue hali yake. Mwaka 1723 parishi ziliruhusiwa kujenga nyumba za kazi, na kumnyima msaada yeyote akataaye kuingia humo.

Pamoja na hayo, watu wengi waliosaidiwa hawakuingia katika nyumba hizo. Walikaa makwao, na msimamizi aliwapa shilingi chache kwa juma, au kuni, viatu, au kodi ya nyumba. Mwaka 1782 sheria nyingine ilikubali kwa parishi zilizoungana kwamba mtu mwenye nguvu atafutiwe kazi karibu na kwake, au asaidiwe pasipo kufungiwa. Kwa hiyo kumpa maskini fedha nyumbani kwake halikuwa jambo geni ilipofika mwaka 1795.

MKUTANO WA MWAKA 1795

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa taabu. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa tangu 1793, mavuno ya 1794 yalikuwa haba, na kipusa cha baridi kilichofuata kilikuwa kikali mno. Bei ya ngano ilipanda kwa haraka. Katika miji mingi watu waliyazuia magari ya nafaka, wakawalazimisha wauzaji kuuza kwa bei ambayo wao waliiona ya haki. Chakula cha kibarua wa kusini kilikuwa mkate. Mkate ukipanda, hakuwa na kitu kingine cha kukimbilia. Kazi ya kusokota nyuzi, iliyowapa wanawake na watoto senti za ziada, ilikuwa ikichukuliwa na mashine, na malisho yaliyokuwa ya wote, ambako mtu maskini alifuga ng'ombe mmoja au bata wachache, yalikuwa yakizungushiwa ua na kuwa mali ya watu wachache.

Tarehe 6 Mei 1795 mahakimu wa jimbo la Berkshire walikutana katika hoteli iitwayo Pelican, huko Speenhamland karibu na mji wa Newbury. Jambo lililowakutanisha lastahili kukumbukwa sana, kwa maana wengi hulisahau. Waliitwa kufikiri kama yafaa watumie sheria ya zamani iliyowapa mahakimu nguvu za kupanga mishahara ya vibarua. Walilifikiri, wakalikataa. Wakawasihi wakulima wakubwa kwa maneno tu waongeze mishahara, kisha wakaandika kipimo cha kuwasaidia wale ambao mshahara wao hautoshi.

Kipimo chenyewe kilikuwa hiki. Mkate mkubwa wa galoni, wenye uzito wa ratili 8 na wakia 11, ukiuzwa shilingi 1, kila mwanamume maskini aliye na bidii ya kazi apate shilingi 3 kwa juma kwa nafsi yake, na shilingi 1 na peni 6 kwa mkewe na kwa kila mtu mwingine wa nyumba yake. Mkate ukipanda peni moja, yeye aongezewe peni 3, na kila mmoja wa nyumbani mwake peni 1. Shilingi ya siku hizo ilikuwa na peni 12. Basi mtu mwenye mke na watoto watatu alihesabiwa kuwa ahitaji shilingi 9 mkate ulipokuwa shilingi 1. Ukipanda kufika shilingi 1 na peni 4, alihitaji shilingi 11 na peni 4. Kama mshahara wake na wa jamaa zake ulifikia hapo, hakupewa kitu. Kama haukufika, parishi ilijaza pengo kutoka katika kodi ya maskini. Tuseme mwajiri wake alimpa shilingi 8: parishi iliongeza shilingi 1 katika hesabu ya kwanza, na shilingi 3 na peni 4 katika hesabu ya pili.

Fikra iliyomo ndani ya kipimo hiki ni kubwa kuliko ukubwa wa mkutano wenyewe. Mahakimu walisema kwa matendo kwamba mtu afanyaye kazi asife njaa kwa sababu ya bei ya soko, na kwamba haja ya nyumba hupimwa kwa idadi ya vinywa na bei ya chakula. Mwisho wa mwaka huo huo Samuel Whitbread alipeleka katika Bunge mswada wa kuwapa mahakimu uwezo wa kuweka mshahara wa chini kabisa. Waziri Mkuu Pitt aliupinga, nao ukaanguka mwezi wa Februari 1796. Njia ya mshahara ikafungwa. Ikabaki njia ya posho. Majimbo mengine, hasa ya kusini na mashariki palimolimwa ngano, yakafuata mifano iliyofanana na ule wa Berkshire, ingawa si kila parishi ilifanya vile vile, wala si kila mwaka.

GHARAMA NA HASIRA

Mwaka 1776 kodi ya maskini ilitumia kiasi cha pauni milioni 1.5. Mwaka 1803 ilipita milioni 4, na mwaka 1818 ilikaribia milioni 8. Walipaji walilalamika, na kwa malalamiko yao walipata waalimu. Thomas Malthus, padri na mwanachuoni, alikuwa ameandika mwaka 1798 kwamba msaada wa parishi huwatia watu moyo wa kuoa mapema na kuzaa pasipo kuwa na chakula, hata sheria ikawaumba maskini ambao kisha hulazimika kuwalisha. Hoja hii ilikuwa nyepesi kushika na tamu kwa mtu atozwaye kodi.

Vita ilipokwisha mwaka 1815, askari wengi walirudi makwao bila kazi, bei ya nafaka ikaanguka, na wakulima wakapunguza vibarua. Mashine za kupura nafaka zikaondoa kazi ya majira ya baridi, ambayo ndiyo iliyokuwa tegemeo la vibarua wakati shamba halina jingine la kufanya. Mwaka 1830 vibarua wa kusini waliinuka. Walianza katika jimbo la Kent, wakazivunja mashine, wakachoma mirundo ya nafaka, na madai yao makubwa yalikuwa mshahara wa kutosha. Serikali iliwanyonga watu 19, ikawafunga zaidi ya 600, na ikawapeleka Australia wapatao 500.

Tazama jinsi tukio hilo lilivyosomwa. Vibarua walikuwa wamedai mshahara na kazi. Wenye mali waliona katika fujo hizo uthibitisho kwamba posho imewaharibu. Mwaka 1832 ikaundwa tume ya kifalme, na waandishi wakuu wa taarifa yake walikuwa Nassau Senior, mwalimu wa elimu ya uchumi, na Edwin Chadwick.

TAARIFA YA MWAKA 1834

Tume ilituma wajumbe wasaidizi 26, nao walizuru kiasi cha parishi 3,000. Karatasi za maswali zilipelekwa mahali pengi, na parishi moja katika kila kumi hivi ikajibu. Waliojibu walikuwa mapadri, mahakimu, wasimamizi na wakulima wakubwa. Vibarua wenyewe, ambao tabia zao ndizo zilizokuwa zikipimwa, hawakuletewa karatasi hizo. Sehemu kubwa ya taarifa iliandikwa kabla majibu hayajahesabiwa, na visa vilivyotiwa ndani yake vilichaguliwa kwa sababu vilithibitisha maneno yaliyokwisha kukusudiwa: kwamba posho imeshusha mishahara, imewafanya vibarua wavivu, imeongeza ndoa za mapema na imevunja heshima ya kazi.

Sheria ya mwaka 1834 ikafuata. Kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba hali ya mtu apewaye msaada lazima iwe duni kuliko hali ya kibarua wa chini kabisa ajitegemeaye. Mwenye nguvu aombaye msaada aingie katika nyumba ya kazi. Akikataa, basi hana shida ya kweli. Parishi ziliunganishwa katika miungano ipatayo 600, na kila muungano ukawa na nyumba yake. Humo mume alitengwa na mkewe, na wazazi na watoto wao. Nguo zilikuwa za namna moja, chakula kilipimwa kwa wakia, na kazi zilikuwa kama kuponda mawe, kufumua kamba kuukuu, na kusaga mifupa iwe mbolea. Mwaka 1845 ilijulikana kwamba katika nyumba ya Andover watu waliopewa mifupa ya kusaga walikuwa na njaa hata wakagombea uboho na vipande vya nyama iliyooza vilivyobakia. Aibu ile iliivunja tume iliyosimamia sheria, lakini haikuivunja sheria.

Zile karatasi za majibu zilichapwa katika majuzuu makubwa, zikakaa zaidi ya karne moja na watu wakitumia taarifa pasipo kuzirudia. Mwaka 1963 na 1964 mwanachuoni wa uchumi Mark Blaug alizifungua akazihesabu. Aliona kwamba kufika 1832 parishi nyingi zilikuwa zimekwisha kuacha kujaza mishahara kwa kipimo cha mkate. Zilizobaki nacho hasa ni posho za watoto kwa nyumba zenye watoto wengi. Aliona pia kwamba posho ilikuwa nyingi mahali ambapo mishahara ilikuwa haba na kazi ni za msimu. Tume ilisema posho ndiyo iliyoleta umaskini. Hesabu zake zenyewe zilielekea kusema umaskini ndio ulioleta posho. Ni kama mtu aonaye kwamba penye waganga wengi pana wagonjwa wengi, akaamuru waganga wafukuzwe.

Haki yataka tuseme kwamba mjadala haukuishia hapo. George Boyer, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kwamba wakulima wakubwa walioshika mamlaka ya parishi waliutumia mfuko wa maskini kwa faida yao: wakati wa baridi waliwaachisha kazi vibarua na kuwaacha walishwe na kodi, ambayo sehemu yake ililipwa na watu wasioajiri kibarua hata mmoja, na wakati wa mavuno wakawachukua tena. Juu ya uzazi, James Huzel alilinganisha parishi zilizotoa posho na zisizotoa asione dalili ya maneno ya Malthus, ilhali Boyer aliona kuwa posho ya watoto iliongeza uzazi kwa kiasi. Lakini katika hayo yote hapatikani yule kibarua wa taarifa ya 1834, aliyeacha kazi akakaa kitako kwa sababu parishi imempa shilingi.

HUKUMU INAVUKA BAHARI

Kanuni ya nyumba ya kazi ilipelekwa Ireland mwaka 1838, kwa ukali zaidi: msaada wote utolewe ndani ya nyumba hizo. Miaka saba baadaye viazi, chakula cha maskini wa nchi ile, viliingiwa na ugonjwa. Serikali iliogopa kugawa bure. Katika baridi ya 1846 na 1847 iliwaweka watu katika kazi za kuvunja mawe na kutengeneza barabara, na mwezi wa Machi 1847 waliokuwa katika kazi hizo walipita 700,000, wengi wao wakiwa wamedhoofika kwa njaa, na mshahara haukulingana na bei ya chakula. Baadaye mwaka ule sheria ilikataza kumsaidia mtu aliye na ardhi inayozidi robo eka mpaka kwanza aiache. Watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka ya njaa ile, na wengine kama hao walihama.

Bara Hindi lilipopatwa na njaa ya 1876 hadi 1878, Richard Temple alitumwa kupunguza gharama. Wenye njaa waliokuja katika kambi za kazi waliwekewa ratili moja ya nafaka kwa siku na sarafu ndogo juu yake, nao wakitakiwa kufanya kazi nzito. Dakta Cornish wa Madras alipinga akisema kwamba kiasi hicho hakiwezi kumweka hai mtu afanyaye kazi, na baada ya miezi kadhaa kiasi kikaongezwa. Hofu ilikuwa ile ile ya 1834: wakipewa bila kutaabishwa, watazoea.

Hata katika karne ya ishirini neno Speenhamland lilifanya kazi yake. Karl Polanyi, katika kitabu chake cha mwaka 1944, alikuwa rafiki wa maskini na adui wa sheria ya 1834; walakini aliamini taarifa yake juu ya posho. Mwaka 1969, Rais Nixon wa Marekani alipokuwa akikusudia kuzipa nyumba maskini zenye watoto kipato cha hakika, mshauri wake mmoja alimpelekea kurasa zilizotolewa katika kitabu hicho kama onyo. Mpango ulitangazwa Agosti mwaka huo, ukapita katika baraza moja la Bunge, ukakwama katika Seneti, na mwisho ukaachwa. Zilikuwa sababu nyingi, lakini yatosha kushangaza kwamba mkutano wa mahakimu wa kijimbo uliingia katika shauri la rais baada ya miaka 174.

Uingereza yenyewe ilianza kuiacha njia hiyo mwaka 1908, ilipoweka pensheni ya wazee. Mtu aliyetimiza miaka 70, ambaye pato lake lilikuwa dogo, alipewa hadi shilingi 5 kwa juma, si kwa msimamizi wa maskini bali katika ofisi ya posta, alikozoea kununua stempu. Malipo yalianza tarehe 1 Januari 1909, na katika mwaka wa kwanza wazee waliopokea walipata nusu milioni hivi. Mwaka 1945 ikapitishwa posho ya watoto, ikalipwa kwa mama tangu 1946, na mwaka 1948 Sheria ya Maskini ikafutwa kabisa.

NENO LA KWETU

Waingereza walipotawala nchi zetu hawakuleta Sheria ya Maskini. John Iliffe, katika historia yake ya maskini wa Afrika iliyotoka mwaka 1987, ameonyesha jinsi watawala wa kikoloni walivyopenda kuamini kwamba Mwafrika hutunzwa na ukoo wake, basi serikali haina deni. Iliyokuja kwetu ni kodi ya kichwa na ya nyumba, ambayo ilimlazimisha mtu kutafuta fedha. Lakini fedha ya kutoka serikalini kwenda kwa maskini haikuwa na mlango. Lugha yetu yashuhudia hayo. Sadaka, zaka na wakfu ni maneno ya kale, nayo yote ni ya dini; posho ni chakula cha mpagazi na kibarua, hupewa mtu afanyaye kazi. Neno ruzuku, lenye shina moja na riziki, lilinena zaidi juu ya Mungu amruzukuye mja wake kuliko juu ya serikali na raia.

Mabadiliko yamekuja katika miaka ya karibu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, ujulikanao kama TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ulianza mwaka 2010 kujaribu kulipa fedha kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kwa sharti la watoto kwenda shule na kupelekwa kliniki. Vijiji vilikuwa 80. Kwa kura 40 vikaanza na 40 vikangoja, ili tofauti ionekane. Walioupima mpango walikuta kwamba kaya zilizopata zilijiunga zaidi na bima ya afya, zilinunua viatu vya watoto, na ziliongeza mifugo kama kuku na mbuzi. Tangu 2012 mpango ulienezwa nchini, na kufika 2015 kaya zilizoandikwa zilipita milioni moja. Zanzibar, mwezi wa Aprili 2016, ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, tajiri na maskini sawasawa, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika bajeti yake yenyewe. Kenya nayo ikafuata mwaka 2018, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, kwa wazee wa umri huo.

Jaribio moja kubwa la kulijibu swali la 1834 lilifanywa katika kaunti ya Siaya, magharibi ya Kenya, kati ya 2014 na 2017. Kaya 10,500 zilipewa fedha isiyo na sharti, kiasi cha dola 1,000 kila moja, katika eneo la vijiji 653, na waliopata na wasiopata wakapimwa wote. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba matumizi ya waliopata yaliongezeka, na ya jirani zao wasiopata yaliongezeka vile vile, kwa sababu fedha ilizunguka madukani na kwa mafundi. Bei zilipanda kwa sehemu ndogo mno, kiasi cha moja katika elfu. Na juu ya shutuma ya pombe, David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali, wasione kwamba fedha hizo huongeza ulevi na tumbaku.

Haya yatosha kuonyesha kwamba kibarua mvivu wa taarifa ya 1834 hakupatikana Berkshire, wala hakupatikana Chamwino wala Siaya. Lakini si vema kuondoka hapa tukidhani kwamba mahakimu wa Speenhamland walimaliza kazi. Walikutana kupanga mshahara, wakapanga posho. Posho iliokoa watu na njaa ya 1795, na hiyo ni sifa isiyofutika. Walakini ardhi ya malisho iliendelea kuzungushiwa ua, mshahara ukaachwa kwa hiari ya mwajiri, na baada ya miaka 35 vibarua walewale walisimama mashambani wakidai kile kile ambacho mkutano ulikuwa umekiepa. Kosa la Speenhamland halikuwa kumpa maskini shilingi. Kosa ni kuifanya shilingi hiyo iwe badala ya mshahara na badala ya ardhi.

Kwa hiyo maswali mawili yafaa yatenganishwe na kila apimaye mipango ya siku hizi. La kwanza ni kama maskini aweza kuaminiwa na fedha. Hili limejibiwa kwa hesabu, na anayelileta upya hana budi kuleta hesabu zilizo bora kuliko hizo. La pili ni kama mpango wa ruzuku umekuja kuongeza nguvu ya watu katika mashamba na kazi zao, au umekuja ili mambo ya shamba na kazi yasizungumzwe. Hili la pili haliwezi kujibiwa kwa kuwachunguza wapokeaji. Lataka kuwachunguza watoaji, na hao, tangu siku za hoteli ya Pelican, hawajazoea kuletewa karatasi ya maswali.